Shajara ya mradi: kilo 5 za chenga za mchele na simu iliyokufa

Siku ya 0, Ijumaa, mvua tangu asubuhi

Simu imeingia kwenye ndoo ya kufulia. Niliiweka mfuko wa juu wa shati, nikainama kusuuza, ikachomoka, chubwi. Nimeitoa hapo hapo ila ilishakunywa maji ya sabuni ya kutosha. Nyumba yetu hapa Magomeni ina wapangaji wanne na leo wote wamegeuka mafundi, kila anayepita uani anasema neno hilo hilo, mchele, weka kwenye mchele, usiku mmoja tu asubuhi inawaka. Bi mkubwa peke yake ndo aligoma, anasema mchele hauchezewi, ila alivyoniona nimenyong'onyea akanimiminia kama kilo mbili kwenye deli, nikaizika simu humo, nikafunika, nikalala na matumaini.

Siku ya 3

Nimefukua. Ikawaka sekunde kama kumi hivi, moyo ukatulia, af ikazima. Hapo nikafanya kosa la pili, nikachomeka chaji. Ikapata joto bila kuonyesha kitu na ndo ukawa mwisho wake.

Nikapanda daladala mpaka Kariakoo kwa fundi mmoja ana kimeza cha kioo nje ya duka, akaifungua mbele yangu akaniita nichungulie kwenye lenzi yake. Pembeni ya tundu la chaji kuna kutu ya kijani imeshaanza kutambaa, na ndani ya tundu lenyewe, wallahi, kuna kipande cha mchele kimevimba kimekaa kama kimelipia kodi. Fundi akaniangalia akasema, "Sasa kaka, huu wali ulitaka uivie humu humu?"

Alichonifundisha nakiandika ili siku nyingine nisirudie. Maji hayaui simu kwa kulowesha tu, yanaua kwa kutu, na maji ya sabuni au ya chumvi ndo baba lao. Kwa hiyo kazi ni kuzima, kutogusa chaji, kumpelekea fundi mapema aifungue asugue ubao kwa brashi na spiriti kabla kutu haijala njia za umeme. Zile siku tatu za deli mi nilidhani natibu, kumbe naipa kutu muda wa kula vizuri. Usiku nikasoma kwa simu ya dada, kumbe hata Apple mwaka 2024 waliandika kwenye maelekezo yao kwamba usiweke iPhone kwenye mfuko wa mchele, vipande vidogo vidogo vinaweza kuiharibu. Wanasema gonga taratibu kwenye kiganja tundu likiangalia chini, iache sehemu kavu yenye hewa, subiri angalau nusu saa ndo ujaribu chaji. Yangu sio iPhone ila tundu ni tundu.

Siku ya 5, mradi unaanza

Kilichoniuma ni kwamba watu wazima sita wenye akili zao walinipa ushauri mmoja na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona ukifanya kazi, nikiwauliza wanasema "kuna mtu". Huyo kuna mtu simjui. Nikaamua kila kazi niliyowahi kuisikia ya mchele nje ya sufuria naijaribu mwenyewe na naandika kilichotokea.

Nimeenda Tandale sokoni kuchukua chenga, kilo 5, buku nane. Chenga kwa sababu ni rahisi na hakuna atakayelia zikiharibika. Bi mkubwa kaweka masharti mawili, la kwanza hakuna punje ya kutupwa, iliwe na watu au kuku wa jirani au imwagiwe mmea, la pili mchele wake wa Kyela nisiusogelee, ule ni wa wageni. Dada anatengeneza keki za oda kwa hiyo ana mizani inayosoma gramu, nimeazima, na yeye ana sharti lake, nikiirudisha na mchanga atanijua.

Siku ya 6, jaribio la nusu kilo

Swali la kwanza lilikuwa jepesi, hivi mchele unavuta maji kweli? Nikapima chenga gramu 500 mara mbili. Fungu la kwanza nikalitandaza kwenye sinia dirishani, bichi vile vile. La pili nikaliweka kwenye kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, nikawa nageuza na mwiko kama dakika 25 hivi mpaka mvuke ukaisha na nyumba ikaanza kunukia bisi. Kabla halijapoa vizuri nikapima tena, gramu 447.

Gramu 53 zimepotelea hewani na zote ni maji. Yaani kwenye kila nusu kilo ya mchele mkavu, ule unaoshika unasema huu mkavu, kuna maji yanayojaza kikombe kimoja cha kahawa ya mtaani. Na muuzaji hajaniibia kitu, mpunga wenyewe unaruhusiwa kuingia ghalani ukiwa na unyevu wa asilimia 14 hivi, chini ya hapo kidogo ndo salama zaidi. Mchele haujawahi kuwa mkavu kama tunavyodhani.

Tatizo ni kwamba kazi hii niliifanya saa saba usiku uani maana mchana jiko ni la bi mkubwa. Jirani wa chumba cha tatu alitoka kwenda chooni, akanikuta nimechuchumaa kwenye taa napima mchele huku naongea namba peke yangu, akarudi ndani bila hata kwenda chooni. Asubuhi kamuuliza bi mkubwa kwa heshima zote kama kijana wake yuko sawa. Sasa nina jina uani, naitwa mwanga. Kuwanga kwenyewe ningekuwa najua si ningeiwangia simu iwake.

Siku ya 7

Nimefungua jaribio la chumvi, hili ni la polepole. Makopo matatu yenye vifuniko vya matundu, la kwanza chumvi tupu, la pili chumvi na kijiko cha chenga mbichi, la tatu chumvi na kijiko cha chenga zilizokaangwa. Kila mtu wa Dar anajua chumvi ya mezani masika inavyokuwa, inashikana inakuwa jiwe au inatoa machozi kabisa. Sababu yake ni kwamba hewa ikipita unyevu wa asilimia 75 hivi chumvi inaanza kuvuta maji yenyewe mpaka inayeyuka, na asubuhi za masika hapa kwetu zinapita hapo zikiwa bado zimelala.

Siku ya 9, majibu ya sinia

Nimepima yale mafungu, siku tatu kamili dirishani.

Lililokaangwa limetoka gramu 447 limefika 489. Bichi limetoka 500 limefika 502.

Nimepima mara tatu nikidhani mizani imekorofisha. Gramu mbili! Siku tatu za masika nusu kilo ya mchele mbichi imekunywa gramu mbili, na hapo ndo nikaelewa simu yangu ilikufaje. Mchele unavuta maji mpaka ulingane na hewa uliyomo, ukishalingana basi, na mchele uliokaa kwenye gunia Tandale ulishamalizana na hewa ya Dar kitambo. Kuuambia ukanyonye maji ya simu ni sawa na kumkaribisha chakula mtu katoka shughulini na sahani mbili za pilau tumboni, atakaa atatabasamu, kula hali. Ule uliokaangwa ndo una njaa, ila nao siku tatu tu kashashiba karibu kama mwenzie. Vile vipakiti kwenye boksi la viatu vilivyoandikwa usile, silika jeli, vinaweza kubeba maji hadi kama theluthi ya uzito wake, hiyo ndo kazi yake, mchele kazi yake ni wali.

Kwa hiyo kuanzia leo nimebadilisha mwelekeo. Kila kazi inayosema mchele "unanyonya unyevu" naiangalia kwa jicho la pembeni. Nataka kazi zinazotumia vitu ambavyo mchele anavyo kweli, ana wanga mwingi sana, ni mgumu, mdogo, mzito, na anatunza joto. Kilo moja ya jaribio imepikwa mchana, ubwabwa, ile iliyokaangwa ilikuwa na harufu nzuri kuliko mbichi, hata bi mkubwa kakubali ila hakusema kwa sauti.

Siku ya 10

Chupa ya chai. Hii nimefurahi mpaka nimewaita watu. Chupa yetu ya chai ndani ilikuwa kahawia ya miaka, brashi haiingii, mdomo mwembamba na ndani ni kioo unaogopa kukwangua. Nimetia konzi mbili za chenga, ndimu moja iliyokamuliwa, maji ya vuguvugu robo, nikafunga nikatikisa kama kayamba dakika tatu, nikamwaga. Maji yametoka rangi ya chai ya rangi kabisa na kioo kinang'aa unajiona. Zile punje zinasugua kila kona bila kukwaruza. Nikahamia chupa ya asali, chupa ya mafuta ya nazi (hii ongeza sabuni, bila sabuni mafuta yanacheka tu) na kile kichupa cha pilipili. Chenga za ndimu nimezisuuza kuku wamekula, za sabuni sikuwapa kuku, zimechimbiwa chini ya mpapai na bi mkubwa kahesabu hiyo kama mmea.

Siku ya 11

Blenda, lile jagi dogo la kusagia viungo vikavu. Ukisaga bizari leo kesho iliki inatoka na harufu ya bizari. Nimesaga vijiko vitano vya chenga humo mpaka unga, umetoka na mafuta yote na harufu. Visu vimetoka safi. Tahadhari, hii ni kwa jagi la visu, zile mashine za kahawa za mawe ya kusagia watengenezaji wengine wanakataza kabisa mchele mbichi maana ni mgumu unaichosha mota. Unga wenyewe ulikuwa na iliki tele, bi mkubwa kaupokea bila kuuliza kaingiza kwenye vitumbua. Nadhani hii ndo kazi pekee kwenye mradi mzima ambayo takataka zake ni tamu kuliko mwanzo.

Siku ya 12 mpaka 16, parachichi

Nimenunua parachichi tatu ngumu kama mawe kutoka kwa mama mmoja barabarani, anasema ni za Rungwe. Moja mezani, moja imezikwa kwenye ndoo ya chenga, moja kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu. Siku ya tatu, ya ndoo na ya mfuko zimelainika pamoja, ya mezani imefuata siku mbili mbele. Kwa hiyo mchele unaivisha kweli, ila hata mfuko na ndizi unaivisha vile vile, maana siri sio mchele, tunda lenyewe linatoa gesi ya ethilini na ukiifungia karibu nalo linajiivisha. Mchele hapo ni blanketi tu.

Nikanogewa, nikazika nyingine mbili. Nikasahau moja.

Sitaki kueleza sana. Baadaye nimefuata harufu. Gramu 400 hivi za chenga zimeshikana na uji wa kijani, kuku wamepata sikukuu, na bi mkubwa hakunigombeza, kaniangalia tu, akasema "Kuna watu huo ndo ungekuwa mlo wao wa leo." Bora angenigombeza.

Siku ya 15, nywele (nimeiruka makusudi, dada alikuwa hataki niandike)

Dada ndo alileta wazo. Kuna kijiji China kinaitwa Huangluo, jimbo la Guangxi, wanawake wa kabila la Yao wanajulikana kwa nywele ndefu ajabu na wanaoshea maji ya mchele yaliyochachushwa. Basi nikaosha chenga vikombe viwili, maji yale meupe nikayaweka kwenye jagi. Maelekezo aliyoyaona dada yanasema siku mbili. Kwa joto la hapa maji hayo ukiyaacha jioni asubuhi yana povu, siku ya pili yananukia togwa iliyosahauliwa, jirani kauliza nani anapika pombe.

Dada ana nywele za asili, kajimwagia, kakaa dakika ishirini, kasuuza juu juu kwa sababu bomba lilikuwa limekata na ndoo ni moja. Zilipokauka hazikuwa nywele. Zilisimama. Kitana kiliingia kikakwama, na alikuwa na safari ya kupeleka keki Sinza, kafunga kitambaa kaenda hivo hivo. Kesho yake maji yamerudi kasuuza vizuri kabisa zikalainika, anasema zinang'aa kuliko kawaida, ila alipaka na mafuta kwa hiyo mi hapo siandiki kama ushindi. Harufu ilikaa siku mbili.

Siku ya 17, kofia ya mjomba

Mjomba kaja kutusalimia, nikamwamkia, nikamsimulia habari ya nywele, akacheka mpaka akavua miwani. "Nyinyi mmempiga mwenzenu wanga!" Na kweli. Maji ya mchele ni wanga, wanga ukikauka unakakamaza chochote, uzi au unywele. Nikajiona mjinga lakini pia nikapata kazi mpya, maana mjomba anavaa kofia ya kiua, ile ya kushonwa kwa mkono, na kofia ile bila wanga inalala kichwani kama kitambaa cha vyombo. Yeye anatumia wanga wa muhogo. Nikamwomba aniachie moja ya zamani.

Jaribio la kwanza nimeharibu. Nilipika chenga kwa maji mengi, nikachuja yale maji mazito, nikatumbukiza kofia nzima, nikaivisha kwenye bakuli la bati juani. Imekauka imekuwa bakuli la pili. Ukiigonga inalia. Na kwenye zile tundu za ushonaji umebaki utando mweupe kama magamba.

La pili nikachanganya maji ya wali kikombe kimoja na maji ya kawaida vikombe vitatu, nikachuja kwa kanga iliyochakaa kuondoa uvimbe, nikatumbukiza kofia, nikakamua, nikaivisha kwenye kopo la ukubwa wa kichwa, kivulini kwanza af juani, ikiwa na unyevu kidogo nikapiga pasi. Imesimama vizuri mno, kingo zimenyooka, tundu zote ziko wazi. Mjomba kaigeuza geuza, kaiweka kichwani, kajiangalia kwenye dirisha la gari la mtu, kasema wa muhogo unang'aa zaidi ila huu umekamata. Hiyo kwa mjomba ni cheti. Nimejaribu pia kwenye kola za shati langu la ofisini na shuka moja, kola poa, shuka usijaribu, ni kulala kwenye boksi.

Onyo moja tu, usiziweke nguo za wanga wa chakula kabatini muda mrefu, mende wanazila. Hili nimeliongeza baadaye, nimelijua kwa njia ya siku ya 19.

Siku ya 19, tiara

Watoto wa uani wamefunga shule, wanatengeneza tiara kwa chelewa na gazeti, gundi hawana. Sisi utotoni tulitumia ugali au wali, hakuna aliyetufundisha. Nikachukua wali uliolainika kabisa, nikauponda na mgongo wa kijiko kwa maji kidogo mpaka ukawa ute mzito bila punje, nikawapa. Ukipaka mwembamba unashika karatasi kwenye chelewa kama nusu saa hivi juani, na ukikauka karatasi inachanika kabla gundi haijaachia. Kwa karatasi na kadibodi nimeridhika kabisa, dada kabandikia hata lebo za maboksi ya keki. Kwa plastiki haishiki hata dakika, usihangaike.

Usiku nikaanza kusoma (bado kwa simu ya dada, ameanza kuniuliza nanunua lini yangu). Mafundi wa China enzi ya Ming, 1368 mpaka 1644, walikuwa wanachanganya uji wa mchele wa kunata na chokaa, na sehemu za Ukuta Mkuu zimejengwa kwa udongo huo. Mwaka 2010 wanakemia wa kule walieleza kwamba ni ile sehemu ya wanga inayoitwa amilopektini, inaibana chokaa ikikauka itengeneze chembe ndogo ndogo zilizoshikana sana. Nikawaza Kilwa, majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa yamesimama mamia ya miaka pale, na kwetu chakula kilibaki kuwa chakula. Bi mkubwa nilipomwambia wenzetu walitia mchele ukutani kasema ndo maana ukuta wenyewe haukuzuia maadui. Sijui hiyo historia kaitoa wapi ila ni kweli haukuwazuia.

Asubuhi tiara mbili zilizolala chini ya kitanda zimeliwa kingo zote. Mende.

Siku ya 21, chumvi imeiva

Wiki mbili za makopo matatu. Chumvi tupu ni donge, inabidi uma. Ya chenga mbichi nayo imelowa ila ukitikisa inatoka, kwa sababu punje zinagonga gonga na kuvunja madonge, kwa hiyo wazee hawakukosea kuweka mchele kwenye chumvi, ila kinachofanya kazi ni mgongo wa punje wala sio kiu yake. Ya chenga za kukaangwa ilikaa kavu kabisa siku tisa, ya kumi ikaanza kulingana na mwenzie. Hitimisho langu jikoni, kaanga kijiko kimoja kila wiki unapoandaa kitu kingine, au funika kopo lako vizuri, hii ya pili dada ndo kaisema na imeniuma kidogo.

Siku ya 23, soksi

Hii nilikuwa siichukulii serious hata kidogo. Goti la bi mkubwa linamsumbua kila mvua zikinyesha. Nimechukua soksi ya pamba tupu (ya nailoni usithubutu, inayeyuka), nikapasha chenga gramu 600 kwenye kikaango mpaka za moto, nikazimimina kwa faneli ya karatasi, nikafunga fundo. Wenye maikrowevu wanaweka soksi nzima dakika moja au mbili na wanaikagua katikati, sisi tuna kikaango. Nikaishika kwanza shingoni mwangu mwenyewe kuhakikisha haiunguzi, nikaweka taulo, ndo nikampa.

Kakaa kimya. Mtu huyu hajanyamaza tangu siku ya 5. Joto limekaa dakika kama 20 hivi na inajikunja kwenye goti vizuri kuliko chupa ya maji ya moto. Af akaanza kuniambia zamani mama yake alikuwa anafunga chumvi ya mawe kwenye kitambaa, au mchanga mweupe wa pwani, anapasha kwenye chungu, hivo ndo alivyokandwa alipojifungua mimi. Nilikuwa nimekuja kumwonyesha uvumbuzi na nimeukuta nyumbani, na umri wake unanizidi.

Siku ya 25

Mwendelezo wa soksi, maana nimeona kitu. Nimeipima kabla na baada. Ikipashwa inapungua gramu kumi na kitu, ule ni mvuke, na ndo maana joto lake ni la unyevu kidogo, halikaushi ngozi kama pasi. Nilihofia ukiipasha kila siku chenga zitakauka zianze kuungua. Lakini asubuhi nikiipima uzito umerudi karibu wote! Usiku kucha ikiwa imening'inia kwenye msumari inakunywa hewa ya Magomeni na kesho jioni iko tayari. Ule ule unyevu ulioniulia simu ndo unaijaza soksi ya bi mkubwa bure kila siku. Nimecheka peke yangu na mizani mkononi, na jirani wa chumba cha tatu akapita tena, safari hii kaninyooshea kidole tu akaendelea.

Siku ya 26

Mchicha kwenye tairi la zamani, nusu namwagia maji ya kuoshea mchele, nusu maji ya bomba, wiki mbili sasa. Sioni tofauti ya maana. Upande wa mchele una sisimizi wengi zaidi. Naendelea kumwagia kwa sababu maji ni maji, ila sitamwambia mtu kuwa ni mbolea.

Siku ya 30

Hesabu ya mwisho. Ndoo imebaki na gramu 740 na bi mkubwa kashaziloweka za vitumbua kesho. Kofia iko kwa mjomba, kaleta nyingine tatu za rafiki zake wa msikitini, hajauliza bei. Chupa ya chai bado inang'aa. Kopo la chumvi limelowa tena nimesahau kukaanga.

Mchana jirani wa chumba cha tatu kagonga mlango, huyo huyo, kashika rimoti ya tv inadondosha maji, mtoto kaitumbukiza kwenye beseni, anaomba mchele kidogo. Kabla sijafungua mdomo bi mkubwa kamwambia toa betri kwanza, kanituma bisibisi, tumeifungua, tumefuta, tumeiacha imefunguliwa mbele ya feni. Jioni ikawaka. Jirani kashukuru sana, af akageuka mlangoni akauliza ile soksi inauzwa shilingi ngapi, mgongo wake unamsumbua.

Bi mkubwa kamjibu soksi hiyo haitoki humu ndani. Kesho naenda Tandale, kilo mbili.